Santuri, Kaseti, CD au Simu: Ukutane Wapi na Jalada la Albamu Unayoipenda?

Albamu moja inaweza kukufikia leo kwa njia nne: kwenye santuri, kwenye kanda ya kaseti, kwenye CD, au kupitia programu ya muziki iliyomo kwenye simu yako. Nyimbo ni zilezile na kwa kawaida zimepangwa vilevile, lakini picha ya mbele hubadilika kiasi kwamba mtu anaweza kudhani amekutana na kazi nyingine kabisa. Jalada la santuri ya inchi 12 lina sentimita 31 hivi kila upande. Karatasi ya mbele ya CD ina sentimita 12. Uso wa kaseti una sentimita kama 10 kwa 6 na nusu. Na kwenye orodha ya nyimbo za simu, picha hiyohiyo hutoshana na ukucha wa kidole gumba. Eneo la jalada la santuri ni zaidi ya mara sita ya eneo la lile la CD, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua utaona nini, utalishika vipi, na utakaa nalo kwa muda gani.

Ulinganisho huu ni kwa yule anayetaka kuchagua njia moja au mbili kati ya hizo huku akiijali picha inayokwenda na muziki. Mjadala wa sauti ipi ni bora nawaachia wengine. Kipimo changu ni kimoja, nacho ni dakika ambazo jicho hubaki juu ya jalada wakati sikio liko kwenye muziki. Nimeishi na njia zote nne, na albamu ambazo mapenzi yangu kwake hayajawahi kupoa ni zile ambazo picha na sauti viliniingia pamoja, bila haraka, mpaka vikawa kitu kimoja. Nikiusikia wimbo wake mmojawapo mahali popote, picha huja yenyewe. Nikiiona picha, ala ya kwanza huanza kulia kichwani kabla sijawasha chochote.

Inafaa kukumbuka kwamba muunganiko huu haukuwapo tangu mwanzo. Sahani za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba dakika tatu hadi nne au tano tu kila upande, kwa hiyo kazi ndefu ilihitaji sahani kadhaa zilizotiwa kwenye mifuko ya karatasi na kujalidiwa pamoja kama kitabu cha kuhifadhia picha. Neno albamu limetoka huko. Nje kulikuwa na rangi ya kahawia au kijivu na jina lililochapwa mgongoni, basi. Mnamo 1940 kijana mmoja msanifu wa kampuni ya santuri ya Columbia nchini Marekani, Alex Steinweiss, aliwashawishi wakubwa wake wamruhusu kuweka picha. Kwa kazi ya kwanza, mkusanyiko wa nyimbo za watunzi Rodgers na Hart, ukumbi mmoja wa maonyesho ulikubali kubadilisha maandishi ya taa zake za nje ili jina la albamu lisomeke pale juu na kupigwa picha. Santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi ilipokuja mwaka 1948, ikiwa na dakika zipatazo 20 kila upande, mwenye kusikiliza alijikuta na vitu viwili kwa mpigo: muda mrefu usiokatizwa, na mraba mkubwa wa kadibodi mkononi. Naamini mapenzi tunayoyazungumzia yalizaliwa hapo, pale vitu hivyo viwili vilipokutana.

Tuanze basi na santuri, na nitakaa hapa kuliko kwingine kwa sababu hapa ndipo penye mengi.

Kusikiliza santuri ni kazi ya mikono miwili. Unaivuta kutoka rafuni kwa mgongo wake, unainamisha jalada mpaka mfuko wa ndani uteleze kidogo, unaitoa sahani kwa kuishika ukingoni, unaiweka, unashusha sindano. Mikono inabaki na jalada. Huwezi kuondoka mbali, kwa kuwa baada ya dakika 20 itakubidi uinuke na kugeuza upande, na kwa hiyo unakaa na jalada magotini na kulitazama, kisha kuligeuza, kisha kusoma herufi ndogo za nyuma, kisha kurudi mbele. Hakuna aliyekulazimisha kufanya hivyo. Ni chombo chenyewe kilichokupangia.

Chukua jalada la The Dark Side of the Moon ya kundi la Pink Floyd, la mwaka 1973, ambalo kundi la wasanifu la Hipgnosis la London lilibuni na George Hardie akalichora. Kila mtu anaujua mche wa kioo wa pembe tatu unaopasua mwanga katika uwanja mweusi. Nilikuwa nimelitazama kwa miaka kwenye matangazo na fulana kabla sijalishika lenyewe, na siku nilipolifungua, maana ni jalada la kukunjua kama kitabu, niligundua kwamba mistari ya rangi inaendelea ndani, na kwamba mstari wa kijani unapanda na kushuka kama alama za mashine ya kupimia mapigo ya moyo. Albamu yenyewe huanza kwa mapigo ya moyo na huishia kwayo. Nyuma, mwanga unaingia tena kwenye pembe tatu nyingine, hivi kwamba majalada kadhaa yaliyofunguliwa na kupangwa sambamba yanaweza kuendeleza mstari mmoja usiokatika. Hayo yote huyaoni kwenye simu. Kwenye simu unaiona nembo. Kwenye santuri unaona jinsi muziki ulivyofikiriwa.

Mfano wa pili ninaoupenda zaidi ni wa Lemi Ghariokwu, mchoraji wa Nigeria aliyemchorea Fela Kuti majalada 26, akianza mwaka 1974. Nyimbo za Fela mara nyingi zilichukua upande mzima wa santuri: dakika kumi na zaidi za wimbo mmoja, ala zikitangulia kwa muda mrefu kabla sauti yake haijaingia. Michoro ya Ghariokwu imejaa watu, magari, maandishi, vijitukio pembeni, hasira na kejeli ya kisiasa, na husomwa polepole kama gazeti. Urefu wa wimbo na wingi wa mambo kwenye mchoro vinatoshana. Sikio likiwa bado linasubiri mwimbaji aanze, jicho limeshaanza kuambiwa habari ambayo wimbo utaisimulia. Ukiupunguza mchoro huo hadi ukubwa wa ukucha, kinachobaki ni doa lenye rangi nyingi, na msikilizaji amenyimwa nusu ya kisa.

Kwa hiyo kwa majalada ya kusomwa, yale yenye nyuso nyingi, michoro iliyosheheni au maandishi yenye uzito, sioni mpinzani wa santuri. Lile la Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya kundi la The Beatles, la mwaka 1967, kazi ya Peter Blake na Jann Haworth, lina watu zaidi ya 50 waliopangwa safu kwa safu, na nyuma yake yakachapwa maneno ya nyimbo zote. Kwenye santuri unaweza kumtafuta mtu mmojammoja. Kwenye CD nyuso hizo zinakuwa kama punje za mchele.

Lakini santuri ina madhara yake, na anayechagua ayajue. Ni nzito, inahitaji nafasi, na kadibodi huchakaa: baada ya miaka kadhaa duara la sahani hujichora juu ya picha kwa kusuguana na jirani zake rafuni. Jalada lililobuniwa kwa makeke linaweza hata kuugeukia muziki. Sticky Fingers ya kundi la The Rolling Stones, mwaka 1971, ilitoka na zipu halisi mbele, wazo la Andy Warhol, na santuri ziliporundikwa kwa kusafirishwa zipu zikazikandamiza na kuziharibu sahani. Suluhisho likawa kuishusha zipu kidogo kabla ya kusafirisha, ili kishikio kikutane na karatasi ya katikati badala ya mifereji ya sauti. Catch a Fire ya The Wailers, mwaka 1973, ilitoka kwanza na jalada lenye umbo la kiberiti cha chuma cha kujazwa mafuta, lililofunguka kwa bawaba juu na kuonyesha mwali ndani. Kulitengeneza kuligharimu mno, nakala zipatazo 20,000 zikatolewa, na matoleo yaliyofuata yakapewa picha ya Bob Marley akivuta msokoto. Muziki ni uleule, ila anayeanza na kiberiti anafungua kitu na kukutana na moto, na anayeanza na picha anakutana na mtu. Nimezungumza na wapenzi wa albamu hiyo wa pande zote mbili, nao huizungumzia tofauti: wa kwanza hutaja kundi na sauti yake, wa pili humtaja Marley.

Tukija kwenye CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, mtu anaweza kuidharau haraka mno. Ni kweli kwamba picha ilipungua, na kwamba kasha la plastiki huweka kioo baina ya mkono na karatasi, na kwamba bawaba zake huvunjika kwa kuanguka mara moja. Hata hivyo CD ilileta kijitabu. Ndani ya kurasa zake kulikuwa na maneno ya nyimbo, majina ya wapiga ala, mahali na tarehe za kurekodi, shukrani za msanii kwa watu wake, na picha ambazo kwenye santuri zisingepata nafasi isipokuwa kwa mfuko wa ndani wa gharama. Mtu anayependa maneno, yule ambaye hawezi kuupenda wimbo mpaka ajue neno la tatu la ubeti wa pili ni lipi, atahudumiwa vizuri zaidi na kijitabu cha CD kuliko na kitu kingine chochote katika orodha hii. Mimi mwenyewe majina mengi ya wapiga besi na ngoma ninaowafuata hadi leo niliyapata kwenye vijitabu hivyo, kwa herufi ndogo zilizonilazimu kusogea karibu na taa.

Isitoshe, kuna majalada ambayo hayaumizwi na kupungua. Unknown Pleasures ya Joy Division, mwaka 1979, ina mistari myeupe kwenye uwanja mweusi, bila jina la kundi wala la albamu upande wa mbele. Mistari hiyo ni mchoro wa mawimbi ya redio ya nyota iliyogunduliwa mwaka 1967, ambao kundi lenyewe liliutoa kwenye kitabu cha elimu ya nyota na kumpa msanifu Peter Saville. Ukiuweka kwenye sentimita 31 au 12 au ukucha, unabaki na ubaridi uleule na fumbo lilelile. Ndivyo ilivyo pia kwa majalada mengi ya kampuni ya jazi ya Blue Note ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo Reid Miles aliyapanga kwa rangi moja au mbili, herufi kubwa zenye mwendo, na picha ambazo Francis Wolff alizipiga, nyingi zikiwa za wanamuziki wakiwa kazini studio. Husemwa kwamba Miles hakuwa mpenzi mkubwa wa jazi. Hilo halinisumbui, kwa sababu picha zilitoka mle ndani ya chumba ambamo muziki ulikuwa ukipigwa, na jasho lililo kwenye paji la uso wa mpiga saksofoni ni la siku ileile unayoisikia. Majalada ya namna hiyo yananunulika kwenye CD bila majuto.

Kaseti nitaipitia kwa ufupi. Philips iliileta mwaka 1963, na kama chombo cha picha ndiyo dhaifu kuliko zote zinazoshikika: mraba wa santuri haukai vizuri kwenye mstatili uliosimama, kwa hiyo mara nyingi picha ilikatwa pembeni au kubanwa juu huku jina likijaza nafasi iliyobaki. Anayenunua kaseti leo kwa ajili ya jalada peke yake atakatishwa tamaa, isipokuwa msanii awe amelibuni jalada lake kwa ajili ya umbo hilo tangu mwanzo. Kitu kimoja tu kaseti ilikifanya ambacho hakuna chombo kingine kilikifanya vizuri hivyo: ilimruhusu msikilizaji atengeneze jalada lake mwenyewe. Kanda tupu ilikuja na karatasi yenye mistari, na mtu aliyemrekodia mwenzake nyimbo aliandika majina kwa mkono, akachora, akabandika kipande cha picha kutoka jaridani. Bado ninayo kanda moja ya namna hiyo, yenye wino wa buluu uliofifia na herufi zinazobanana kuelekea mwisho wa mstari kwa sababu mwandishi hakukadiria nafasi, na nyimbo zilizomo siwezi kuzitenganisha na mwandiko ule.

Simu nayo inahitaji kutendewa haki, maana ndiyo njia ambayo wengi wetu hukutana na albamu kwa mara ya kwanza. Faida yake ni wingi na wepesi. Ndani ya dakika moja jicho hupita juu ya majalada kadhaa, na jalada lililobuniwa vizuri humfanya mtu asimame na kubonyeza kazi ya msanii ambaye hajawahi kumsikia. Kazi hiyo ya kuita ni ya heshima. Ndiyo kazi ambayo jalada lilifanya katika maduka ya santuri kwa miongo mingi. Wasanifu wameshajirekebisha kuifuata: uso mmoja mkubwa, rangi moja inayopiga kelele, maandishi machache au hakuna kabisa. Kwenye Spotify msanii anaweza pia kuweka video fupi ya sekunde 3 hadi 8 inayojirudia wimbo unapochezwa. Mimi huizima. Inachukua mahali pa picha iliyotulia, na jicho lililozungushiwa kitu kilekile kila sekunde chache halipati nafasi ya kutafakari lolote.

Udhaifu wa simu unaanza baada ya kubonyeza. Mtu anaweka simu mfukoni, au anahamia kwenye ujumbe na habari, na picha inabaki peke yake chini ya vitu vingine. Anayesikiliza orodha mchanganyiko hubadilishiwa jalada kila baada ya dakika tatu au nne, kila wimbo na picha yake, na hakuna picha inayopata muda wa kushikamana na chochote. Tena, jalada la kidijitali halina uhakika wa kubaki lilivyo, kwani mwenye haki anaweza kulibadilisha usiku mmoja, na albamu uliyoizoea ikaamka na uso mwingine. Ndiyo maana kijana anaweza kuwa amesikiliza nyimbo nyingi kuliko mzazi wake alivyosikiliza maisha yake yote, na bado akashindwa kukueleza jalada la albamu anayoipenda kuliko zote lina nini pembeni.

Asiyetaka kununua kitu kingine, au asiye na uwezo wa kufanya hivyo, bado ana la kufanya. Picha zinazopelekwa kwenye huduma hizi kwa kawaida hutakiwa kuwa na pikseli 3000 kwa 3000, ambazo ni nyingi kuliko skrini za simu zinavyoweza kuonyesha. Undani upo, umefichwa tu. Chagua albamu moja nzima badala ya orodha mchanganyiko, ifungue kwenye kompyuta au televisheni, ikuze picha mpaka ijaze skrini, kisha usikilize kuanzia wimbo wa kwanza bila kuruka. Huko si sawa na kushika kadibodi, lakini kwa kipimo changu cha dakika za jicho, msikilizaji huyo anaweza kumshinda mwenye santuri ambaye huipanga ukutani na haigusi.

Kwa yule anayeweza kununua, ushauri wangu ni asinunue santuri kwa wingi. Aanze na albamu tatu au nne ambazo tayari anazijua kwa moyo na ambazo majalada yake yana mambo ya kusoma, kisha anunue hizo kwa ukubwa wake kamili. Zile ambazo mvuto wake uko kwenye maneno au kwenye majina ya wanamuziki azitafute kwa CD, hasa zilizotumika, na aangalie kwamba kijitabu kimo ndani na kurasa zake hazijachanwa. Zenye majalada ya mistari michache na rangi mbili zinaweza kubaki kwenye simu bila hasara kubwa. Msikilizaji anayetaka kugundua wasanii wapya kila wiki asihangaike na rafu kabisa. Simu inamtosha, mradi akubali kwamba kugundua na kupenda ni hatua mbili tofauti na ya pili itamdai muda zaidi.

Kabla ya kulipia santuri iliyochapwa upya, uliza maswali matatu. Je, jalada linakunjuka kama lile la kwanza, au limefanywa kuwa mfuko mmoja ili kupunguza gharama? Je, mfuko wa ndani umechapwa maneno na picha zake, au ni karatasi nyeupe tupu? Na je, picha imechapwa kutoka kwa asili yake, au imenakiliwa kutoka kwenye toleo lililotangulia? La tatu unaweza kulikagua mwenyewe palepale dukani: sogeza jalada karibu na macho na utazame herufi ndogo kabisa za upande wa nyuma. Kingo za herufi zikiwa na ukungu, na vivuli vya picha vikiwa vimezama kwenye weusi mmoja, lirudishe rafuni na utafute toleo jingine.